Mapambo ya sherehe ya kutengeneza nyumbani (Arusha)

Mapambo ya sherehe ya kutengeneza nyumbani ni vitu vinavyotengenezwa na wanafamilia wenyewe, mara nyingi wakisaidiwa na majirani, ili kupendezesha nyumba siku ya sikukuu au ya karamu ya familia. Katika jiji la Arusha na kandokando ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, hutengenezwa hasa kwa migomba, matawi ya miti, karatasi, mabaki ya vitambaa na shanga. Mbali na urembo, mapambo hayo yana kazi: humwonyesha mgeni nyumba ya sherehe ni ipi, na humwambia kama anaingia kwenye harusi, ubatizo au msiba.

Mazingira

Sombetini ni mojawapo ya kata za Jiji la Arusha, upande wa kusini-magharibi wa mji. Ndani yake lina soko la Mbauda. Wakazi wametoka makabila mengi: Waarusha na Wameru ambao mlima ni kwao, Wachagga na Wapare kutoka Kilimanjaro, Wairaqw, Warangi na Wamasai, pamoja na familia zenye asili ya pwani. Wengi ni Wakristo au Waislamu, kwa hiyo mtaa mmoja huweza kuwa na Krismasi, Pasaka, Idi na maulidi ndani ya mwaka mmoja, mbali na ubatizo, komunio ya kwanza, kipaimara, sendofu, harusi, mahafali na siku za kuzaliwa.

Sherehe kubwa hupelekwa ukumbini, ambako mpambaji wa kukodiwa huja na vitambaa vyake, taa na maua bandia. Sherehe ndogo hubaki nyumbani, chini ya turubai lililofungwa kati ya nyumba na uzio. Huko gharama hutoka kwenye michango ya ndugu, na fedha zikipungua mapambo ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye bajeti, kwa kuwa hakuna atakayekubali kupunguza nyama au mchele. Hapo kazi hurudi mikononi mwa mashangazi, mabinti na watoto wa shule.

Hali ya hewa nayo huamua mengi. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 na ina majira mawili ya mvua: vuli, takriban Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Krismasi hufika vuli inapomalizika na Pasaka huangukia ndani ya masika. Ndiyo sababu majani huwekwa nje na karatasi hubaki ndani. Anayefunga karatasi za rangi getini mwezi Aprili hukuta asubuhi rangi imehamia ukutani.

Migomba langoni

Pambo linalotambulika kuliko yote ni migomba miwili iliyosimikwa kila upande wa lango. Desturi hii imeenea Afrika Mashariki na ya Kati, popote migomba inapolimwa, na hutumika pia kupokea viongozi wa serikali na maaskofu. Miteremko ya Mlima Meru ni eneo la migomba na kahawa, hivyo malighafi haiko mbali hata kwa mkazi wa mjini asiye na shamba: mara nyingi yuko ndugu au rafiki upande wa juu wa mlima atakayetoa mashina machache.

Mgomba si mti. Ni mmea laini usio na ubao, na kinachoitwa shina ni maganda ya majani yaliyofunganana, yaliyojaa maji. Kwa hiyo hukatika kwa panga bila shida na huendelea kuonekana hai kwa siku kadhaa baada ya kukatwa, ingawa majani yake huanza kulegea siku ya kwanza iwapo jua ni kali. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Lakini mgomba uliokwisha kuzaa haupendezi langoni, kwani majani yake yamechanika kwa upepo. Unaofaa ni mchanga, wenye urefu wa mita 2 hadi 3. Mkulima hupoteza kidogo kwa kuutoa, maana shina la migomba lazima lipunguzwe machipukizi: kwa kawaida huachwa mgomba mama, mtoto na mjukuu, na mengine huondolewa.

Kuusimika kunahitaji shimo la sentimita 30 hadi 40, au ndoo iliyojaa mawe na mchanga palipo na sakafu ya saruji. Hukatwa jioni au alfajiri na kusimikwa saa chache kabla ya wageni kufika. Majani mawili ya juu yakivutwa na kufungwa pamoja kwa ukanda wa ganda kavu la mgomba, hutokea tao ambalo bibi harusi hupita chini yake. Wengine huongeza maua ya bogenvilia, ambayo huchanua sana kwenye nyua za Arusha, au ya mjakaranda yakipatikana Oktoba na Novemba. Maua ya mjakaranda hupukutika ndani ya saa chache, hivyo hufaa kumwagwa njiani kuliko kufungwa kwenye tao.

Mitaa mingi ya pembezoni mwa mji ina vichochoro vinavyofanana. Mgomba mmoja kwenye kona ya barabara na mingine miwili langoni humfikisha mgeni bila kupiga simu. Tawi la kawaida likitupwa katikati ya barabara, hata hivyo, lina maana nyingine kabisa Tanzania nzima: linaonya kwamba mbele kuna gari lililoharibika. Kwa sababu hiyo migomba ya sherehe husimamishwa wima pembeni.

Majani yenye maana

Isale (wingi: masale) ni mmea wa jenasi Dracaena wenye majani marefu ya kijani yanayong'aa. Wachagga huupanda kwenye mipaka ya vihamba, na kwao jani lake ni ishara ya amani na ya kuomba msamaha: anayemwendea aliyemkosea akiwa na isale mkononi ni vigumu kukataliwa. Wachagga waliohamia Arusha wamekuja na mmea huo na maana yake. Mashada ya masale huwekwa mezani au mlangoni kwenye harusi na sikukuu, na kwa watunza nyumba ni pambo rahisi mno, kwa kuwa shina lililokatwa na kuwekwa kwenye chupa ya maji hukaa wiki nyingi bila kunyauka na hata huota mizizi. Anayetaka kulitumia kama jani zuri tu ni vema ajue kwamba wazee watalisoma kama maneno.

Kwa Waarusha na Wamasai nafasi hiyo inashikwa na nyasi mbichi. Kushika au kufunga nyasi ni ishara ya amani na baraka, na nyasi huonekana katika ibada na sherehe zao nyingi. Shuka jekundu lenye mirabamiraba na kazi ya shanga hukamilisha mapambo. Mikufu mipana ya ushanga ambayo wanawake hutengeneza kwa ajili ya kuvaa hutundikwa pia ukutani au huzungushwa kwenye vibuyu vya maziwa.

Pambo moja la Ulaya halijakubalika kwa urahisi, nalo ni duara la majani la kutundika mlangoni wakati wa Krismasi. Tanzania shada la maua la duara huhusishwa na kaburi. Familia nyingi huweka nyota ya karatasi badala yake, na hilo ni chaguo la busara.

Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka, Wakristo hubeba majani ya jamii ya mitende. Mkindu (Phoenix reclinata) hukua porini katika sehemu zenye maji karibu na Mlima Meru, pamoja na Hifadhi ya Arusha. Baada ya ibada watoto husuka majani kuwa misalaba midogo, ambayo hutundikwa juu ya mlango kwa mwaka mzima. Kwa Wakatoliki matawi hayo makavu hurudishwa kanisani na kuchomwa ili kupata majivu ya Jumatano ya Majivu inayofuata.

Mti wa Krismasi

Mti wa Krismasi wa Arusha kwa kawaida ni tawi la msaiprasi. Spishi iliyo ya kawaida, Cupressus lusitanica, huitwa kwa Kilatini kana kwamba imetoka Ureno, lakini asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ilipandwa kwa wingi Afrika Mashariki kwa ajili ya mbao na uzio, na imo katika shamba la miti la serikali la Meru/Usa. Ua jekundu linalojaa bustanini mwezi Desemba, Euphorbia pulcherrima, nalo limetoka Meksiko. Pamba inayowekwa juu ya matawi huiga theluji ya Ulaya. Hivyo pambo linaloonekana la kienyeji kuliko yote sebuleni lina safari ndefu kuliko yote.

Matawi hupatikana wakati wa kupogoa uzio. Kukata miti katika hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Tawi la mita 1 hadi 1.5 husimamishwa katika kopo tupu la rangi lililojazwa kokoto, kisha maji, na kopo hufunikwa kwa kipande cha kitenge. Likiongezewa maji kila siku mbili hubaki na harufu yake hadi Mwaka Mpya. Juu yake hutundikwa vitu vyepesi: nyota za manila, vifuniko vya soda vilivyofungwa karatasi ya fedha ya pakiti za biskuti, maganda ya mayai yaliyotobolewa pande mbili, yakapulizwa yatoke kiini na kupakwa rangi, na shanga zilizopitishwa kwenye waya mwembamba na kukunjwa kuwa nyota, malaika au twiga.

Karatasi na gundi ya unga

Karatasi ndiyo kazi ya watoto. Hutumika kalenda za mwaka uliopita, madaftari yaliyojaa, magazeti na karatasi ya kaki ya mifuko ya saruji, ambayo ni imara kuliko zote baada ya kukung'utwa vumbi nje, mbali na watoto wadogo.

Gundi hupikwa. Kikombe kimoja cha unga wa ngano hukorogwa katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabuje yaishe, kisha humiminwa polepole kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku kikikorogwa kama uji. Baada ya dakika chache hung'aa na kuwa mzito; hapo huipuliwa. Chumvi kidogo huchelewesha kuvunda, lakini baada ya siku mbili au tatu lazima ipikwe nyingine. Unga usipoanzwa na maji baridi, mabuje hayatoki tena. Kasoro yake kubwa ni kwamba mende na panya huipenda, kwa hiyo mapambo yaliyogundishwa kwa unga hayafai kuhifadhiwa kwa mwaka ujao.

Mnyororo wa karatasi ndio pambo la kwanza ambalo watoto wengi hujifunza. Karatasi ya ukubwa wa A4 ikikatwa kwa upana hutoa vipande 9 vya sentimita 3 kwa 21. Kipande cha kwanza hugundishwa ncha kwa ncha kuwa pete, cha pili hupitishwa ndani yake na kugundishwa, na kuendelea. Kila pete huongeza takriban sentimita 6, hivyo ukuta wa mita 4 unahitaji pete zipatazo 70, yaani karatasi 8. Mnyororo unaoning'inia kidogo katikati hupendeza zaidi, na hilo huongeza karatasi moja au mbili.

Maua makubwa hutengenezwa kwa tishu au karatasi nyepesi za rangi. Tabaka 6 hadi 8 hupangwa pamoja, hukunjwa kwa mikunjo ya mbele na nyuma kama feni, hufungwa uzi katikati, kisha kila tabaka huvutwa juu moja baada ya jingine. Tishu za chooni nazo hutumika: hutolewa kutoka kwenye roli, husokotwa kidogo na kupitishwa kutoka pembe hadi pembe ya dari. Wapo wanaolicheka pambo hilo, lakini roli moja huzunguka sebule nzima na hakuna kingine dukani kinachofanya hivyo kwa bei hiyo.

Vitambaa

Kila fundi cherehani ana gunia la mabaki ya vitenge, na mteja wake wa kawaida huweza kupewa bure. Bendera ndogo za pembetatu, zenye msingi wa sentimita 18 na urefu wa 22, hushonwa au kubanwa kwa stepla kwenye kamba, zikiachana sentimita 7. Hiyo ni bendera 4 kwa mita. Turubai lenye upande wa mita 10 litahitaji 40. Hufuliwa na kutumika miaka mingi, hukopeshwa kwa jirani, na mvua haiziharibu.

Nyuma ya kiti cha bibi harusi au cha mtoto wa kipaimara hutundikwa khanga. Vazi hilo lilianza pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, na kila upande lina pindo, mji na maandishi yanayoitwa jina. Majina mengi ni ya baraka na pongezi, lakini mengine ni vijembe vilivyokusudiwa mke mwenza au jirani mbaya. Kabla ya kuitundika mbele ya wakwe, isomwe.

Mezani

Katika harusi za Wachagga, na sasa za watu wengine wengi wa Arusha na Kilimanjaro, pambo kuu la meza ni ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa pamoja na kichwa chake. Husimamishwa kwenye sinia au meza, hupewa majani mabichi mdomoni kana kwamba anakula, na mgongoni huchomekwa vipande vya karoti, nyanya, tango na chungwa kwa vijiti vya meno. Hukatwa kwa shangwe kama keki, ndiyo maana wengi huiita keki ya Kichagga. Kuchoma ni kazi ya wanaume wenye ujuzi. Kupamba hufanywa na jamaa asubuhi ya sherehe. Karamu ndogo zisizo na ndafu hupamba kwa tunda: nanasi lililoachwa na majani yake, au tikiti lililochongwa kuwa kikapu.

Mapambo ya harufu

Familia zenye asili ya pwani zimeleta namna ya kupamba inayotegemea pua kuliko macho. Kikuba ni kishada kidogo cha mrehani, asumini, waridi na mkadi kinachobanwa kwenye nywele au nguo. Koja ni mkufu wa maua ya asumini yaliyotungwa kwa uzi. Mrehani humea bila taabu kwenye makopo, hivyo kikuba rahisi huwezekana hata Arusha, ingawa mkadi na kilua ni vya Zanzibar na mwambao. Siku ya maulidi watu hufunga bendera na karatasi za rangi, hufukiza udi au ubani na kuwanyunyizia wageni marashi.

Kutoka nyumbani hadi sokoni

Baadhi ya kazi hizi zimekuwa biashara. Misalaba ya majani ya jamii ya mitende imekuwa ikitengenezwa na wanavijiji wa eneo la Masasi, kusini mwa Tanzania, na kuuzwa kwa makanisa ya Uingereza tangu miaka ya 1960, na pia ya Marekani. Mjini Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007 kwa mikufu ya ushanga na kitambaa, huajiri watu wenye ulemavu na huyeyusha chupa zilizotumika kuwa vitu vya kioo. Nyota na wanyama wa ushanga wanaotundikwa kwenye mti wa Krismasi huuzwa pia na akina mama katika masoko ya vinyago. Mnunuzi mkuu ni mtalii.

Usalama na taka

Hatari kubwa ni moto. Pamba, karatasi na msaiprasi uliokauka huwaka kwa sekunde, na umeme unapokatika jioni ya sikukuu kishawishi ni kuweka mishumaa karibu na mti. Mshumaa ukihitajika, huwekwa kwenye chupa ya kioo iliyo wazi juu, chini yake pakiwa na mchanga, mbali na mapazia. Taa za umeme za Krismasi huzimwa watu wanapolala.

Utomvu mweupe wa Euphorbia pulcherrima huwasha ngozi na macho, hivyo anayeikata hunawa mikono kabla ya kushika watoto. Maputo hayapai yakipulizwa kwa mdomo; hufungwa juu kwa uzi, na vipande vya yaliyopasuka huokotwa mara moja kwa kuwa vinaweza kumkaba mtoto mdogo.

Maua na mashada ya mifuko ya rambo yalipoteza malighafi yake Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Nyuzi za kung'aa, maua bandia na maputo havikuguswa na katazo hilo, na huonekana mitaroni wiki moja baada ya kila sikukuu. Karatasi huenda jikoni kuwashia mkaa. Migomba ya langoni haimalizi siku ya pili: wenye ng'ombe na mbuzi hupita asubuhi kuomba mashina, huyakatakata na kuwalisha mifugo, kwa hiyo mwenye sherehe huyagawa kwa aliyewahi.